Hodi ya Tatu

Meza yangu ilikuwa chini ya ngazi, mahali ambapo ofisi nyingine yoyote ingeweka mafagio. Juu yake palikuwa na rejesta nene ya jalada jeusi, kalamu iliyofungwa kwa uzi ili isiondoke na wananchi, na kibao kilichoandikwa MALALAMIKO. Nilikaa pale miaka sita, katika ofisi moja ya halmashauri mkoani Simiyu ambayo sitaitaja, maana wengi niliofanya nao kazi bado wanapata ugali wao pale, na ugomvi wangu si nao.

Kazi yenyewe ilikuwa hii. Halmashauri ilikuwa na nyumba chache za watumishi, na ng'ambo ya mtaro, nyuma ya ofisi ya ustawi wa jamii, ilikuwa na vyumba sita vya watu wasio na pa kulala: wazee waliokosa ndugu, wajane waliofukuzwa, familia ambazo nyumba zao za udongo ziliangushwa na mvua. Aliyeona hakutendewa haki juu ya nyumba au chumba alikuja kwangu. Mtumishi alilalamika bati linavuja, mjane alilalamika jina lake limerukwa. Niliandika jina, kero, anayelalamikiwa, na katika safu ya mwisho, hatua iliyochukuliwa. Miaka yote ile sikuwahi kuacha safu ya mwisho tupu. Bosi wangu aliwaonyesha wageni wa mkoani rejesta yangu kama mtu anavyoonyesha ng'ombe wake wa maziwa. Nilijifanya sijali, lakini nilijali sana.

Ili nikuandike nilihitaji kitu kimoja, barua ya mwenyekiti wa mtaa au kitongoji chako, yenye muhuri. Bila barua hukupata namba, na bila namba hukuwa umelalamika, hata kama umelia mbele yangu kutwa nzima. Sheria hiyo sikuitunga mimi. Ila niliipenda, nikiri, kwa sababu ilinipunguzia watu.

Bibi yule alikuja msimu wa kuuza pamba, wakati barabara zetu zinajaa malori na nyuzi nyeupe zinanasa kwenye kila mwiba wa uzio. Alikuwa na umbo dogo, kitenge kimefifia mpaka maua yake hayaonekani, na kifurushi alichokishika kwa mikono miwili. Macho yake yalikuwa mekundu. Kwa watu wa kwetu ningeishia hapo, lakini kwa msomaji wa mbali nieleze. Mwanamke aliyepika maisha yake yote kwa miti ya pamba na samadi kavu, ndani ya jiko lisilo na dirisha, moshi humgeuza macho yakawa mekundu. Akishazeeka, na mtoto wa jirani akafa, watu huanza kuyasoma macho yale vingine, kuwa ni ya mchawi.

"Mwangaluka, mayu," alinisalimu kwa Kisukuma, akiniita mama. Nilipaswa kuanza mimi, tena kwa kupiga goti. Nikajibu kwa Kiswahili cha ofisini.

"Karibu, bibi. Tatizo ni nini?"

"Sina pa kulala. Nyumba wameivunja. Wanasema nimekula mtoto."

"Una barua ya mwenyekiti?"

"Mwenyekiti ndiye aliyeng'oa mlango."

"Basi ya mtendaji."

"Mtendaji anasema aanze mwenyekiti."

Kutoka mezani kwangu mpaka ofisi ya ustawi wa jamii ni mwendo wa kuvuka mtaro mmoja. Ningeweza kumshika mkono tukaenda. Sikwenda, na sababu haikuwa barua. Nilimwogopa. Nina diploma, naishi Somanda kwenye nyumba yenye umeme, nasali kila Jumapili, na nilimwogopa bibi kizee asiyezidi uzito wa gunia la pamba. Maneno yote niliyomwambia niliyasema nikiitazama rejesta.

"Bila barua siwezi kukuandika, bibi."

"Usiponiandika, mayu, nitakuwa wapi?"

Nikamwita aliyefuata. Alikaa kwenye benchi mpaka jioni bila neno, na kutwa nzima upande mmoja wa shingo yangu uliwaka utadhani nimeketi karibu na jiko. Nilipofunga droo na hatimaye kuinua macho, benchi lilikuwa tupu. Sakafuni chini yake, mahali alipokaa na miguu yenye vumbi la safari, hapakuwa na alama yoyote. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Nilirudi nyumbani nikapika, nikala, nikalala vizuri tu.

Wiki mbili baadaye akaja mwalimu mmoja aliyeishi nyumba ya watumishi namba sita. Yeye alikuwa na barua, muhuri na nakala mbili, nikampa namba papo hapo. Alilalamikia nyumba namba saba, jirani yake, iliyokuwa tupu kwa miaka mitatu. Mtumishi wa mwisho kukaa mle hakumaliza hata mwezi. Alisema darini kuna anayetembea. Waliopangiwa baada yake walikataa hata kupokea ufunguo. Lisemwalo lipo, na kama halipo laja, walisema watu, na sasa kumbe lilikuwa limekuja.

"Nyumba inaishi, dada," mwalimu aliniambia.

"Inaishi namna gani?"

"Uwanja wa nyuma unafagiliwa. Kila tukiamka tunakuta umefagiliwa, michirizi ya ufagio mizuri kabisa, lakini hakuna unyayo hata mmoja. Wa kuingia hakuna, wa kutoka hakuna. Nani anafagia bila kukanyaga?"

"Labda ni upepo."

"Upepo unachemsha michembe?"

Harufu ya viazi vikavu vinavyochemka ilitoka mle ndani mchana, alisema, na moshi mwembamba ulipita chini ya bati, wakati mlango wa mbele una kufuli yetu yenyewe yenye kutu. Mke wake alikuwa mjamzito na alikataa kuanika nguo upande ule. Yeye mwenyewe ni mwalimu wa hesabu, haamini mambo hayo. Hilo alilirudia mpaka nikamwonea huruma.

Wewe unayesoma umeshaunganisha. Mimi sikuunganisha. Bibi yule hakuwa na namba, kwa hiyo kichwani mwangu hakuwa mahali popote.

Nilichagua kwenda saa saba mchana kwa sababu nilitaka jua. Nilikwenda na fundi wa halmashauri, mwanamume mnene mwenye maneno mengi, aliyebeba mbao tatu, nyundo na misumari ya inchi nne. Njiani alinichekesha kuhusu mkwewe. Tulipozunguka nyuma ya namba saba akanyamaza. Kuku wa mwalimu walikuwa wakichakura mpaka kwenye ukingo wa uwanja ule, kisha wanageuka. Nyuzi za pamba zilizopeperuka kutoka barabarani zilikuwa zimelala kila mahali, kwenye majani, kwenye mabati, kwenye nywele zetu, isipokuwa pale. Ardhi ilikuwa safi, ina michirizi ya nusu duara iliyoanzia kwenye uzio na kwenda, ikipandana, mpaka kwenye kizingiti cha mlango wa nyuma.

"Mama, tangulia," fundi alisema.

"Wewe ndiye mwenye nyundo."

"Na wewe ndiye mwenye ofisi."

Nikatangulia. Nilipogeuka kuona kama ananifuata niliona alama za viatu vyangu kwenye udongo ule, zikanitia aibu, sijui kwa nini. Mlango wa nyuma kitasa chake kilishaoza siku nyingi, lakini ulikuwa umesukumwa ukakaa sawasawa kwenye fremu yake. Ningeweza kuusukuma kwa kidole.

"Hodi!" niliita.

Kimya. Hata kuku walitulia.

"Hodi!"

Ndani kukasikika kitu. Ilikuwa sauti ya mfuniko unaowekwa juu ya sufuria, taratibu sana, namna mama anavyofanya akiwa hataki kumwamsha mtoto. Nyuma yangu fundi alivuta pumzi.

Bibi yangu mzaa mama, aliyenilea Malampaka kwenye nyumba iliyotikisika treni ikipita, alinifundisha kwamba hodi ni tatu. Mgeni akiita mara moja usiitike. Akiita ya pili, tulia. Kisicho mtu, alisema bibi, hakiwezi kuhesabu mpaka tatu. Kitaita, kitarudia, kisha kitakwama na kuondoka. Nilijua hilo kabla sijajua kusoma. Na pale mlangoni, mtu mzima na diploma yangu, ya tatu ilikataa kutoka. Niliogopa kwamba nikiita ya tatu kitaitika.

"Piga mbao," nilimwambia fundi.

Alipiga misumari kama anayeua nyoka. Mbao zote tatu, juu, katikati na chini. Madirisha ya nyumba zile yana nondo, kwa hiyo hapakuwa na kazi nyingine. Wakati wote ule ndani hapakusikika hata kikohozi. Nikarudi ofisini nikaandika kwa mwandiko wangu mzuri: Nyumba imekaguliwa. Haina mtu. Imefungwa. Nikatia sahihi, na bosi akanipa hongera kwa kuwa sikukawia.

Asubuhi iliyofuata nilikuwa nafagia uwanja wangu Somanda kabla ya kwenda kazini. Bodaboda zilikuwa zinapita kuelekea hospitali, mwenye duka jirani anafungua mlango wake wa chuma. Nikarudi nyuma hatua moja kuikwepa ndoo, ufagio ukapita mbele yangu, na unyayo wangu ukafutika.

Nilisimama na ufagio mkononi. Nilimwona bibi yangu Malampaka, ameinama, anafagia kinyumenyume kutoka kwenye uzio mpaka mlangoni, akiifuta kila hatua yake anaporudi. Hakufagia hivyo siku zote. Alianza macho yake yalipokuwa mekundu, na majirani walipoacha kuomba moto kwetu. Nilimuuliza sababu, nikiwa mtoto wa kuuliza kila kitu. Alisema unyayo ni mtu. Wanaokuchukia huchota udongo uliokanyaga wakaupeleka kwa mganga, na ukiwa huna watu wa kukulinda, usiache unyayo.

Nilijua yote mawili, ufagio na hodi. Nililelewa na mwanamke aliyefanya hivyo kila siku mbele ya macho yangu. Niliutupa ufagio nikasimamisha bodaboda, na dereva akaniuliza kama kuna mgonjwa. Nilimwambia sijui, akimbize tu.

Mbao zilikuwa pale pale. Uwanja ulikuwa haujafagiliwa. Alama za viatu vyangu vya jana na za ndala za fundi bado zilionekana kwenye udongo, zikienda na kurudi, na nyuzi za pamba zilikuwa zimeanza kutua juu yake. Hilo lilinitisha kuliko mambo yote niliyoambiwa kuhusu nyumba ile. Nilikwenda mpaka mlangoni nikaweka mdomo karibu na mbao ya katikati.

"Hodi." Kimya. "Hodi." Kimya kile kile cha jana. "Hodi!"

"Karibu, mayu."

Sauti ilikuwa kavu na tulivu, na ilikuwa hapo hapo, upande wa pili wa mbao, sawa na mdomo wangu. Alikuwa amesimama akingoja.

"Bibi, jana ulikuwemo humu?"

"Nilikuwemo."

"Mbona hukuitika?"

"Waliokuja kunivunjia nyumba waliita mara moja," alisema. "Wewe uliita mara mbili. Nikasema moyoni, labda huyu ni mtu. Nikangoja ya tatu. Nikasikia nyundo."

Kwa hesabu ya bibi yangu, asiye mtu siku ile nilikuwa mimi. Nililia, na wala si kilio cha heshima. Mwalimu alisikia akatoka, nikamwomba mtaimbo. Aliuleta mbio, akaulaza kwenye ukingo wa uwanja, asivuke. Mkewe naye alileta jagi la maji akaliweka pale pale. Ikabidi nikaviokote. Nilizing'oa mbao mwenyewe, nikachubuka viganja vyote viwili, na bibi akatoka akiwa na kifurushi chake na ufagio wa vijiti. Hakuwa amekunywa maji tangu saa saba ya jana. Aliyanywa yote bila haraka, akanirudishia jagi kwa mikono miwili, akasema, "Wabeja." Mimi ndiye niliyemfungia, na alinishukuru kwa maji.

Nikamwambia twende ofisini. Aliinama akaanza kufagia kinyumenyume, safari hii kutoka kizingitini kuelekea barabarani, mimi nikitembea kando yake. Alifuta nyayo zake, akafuta na zangu.

Ukumbini watu walitupisha. Walitupisha mno; mlinzi alihamia getini, na dada wa masjala aliyekuwa anakuja upande wetu alikumbuka kitu akarudi alikotoka. Bibi alikaa kwenye benchi lile lile. Bosi akaja, akafungua rejesta, akasoma, na kuniuliza kwa sauti ya chini akiutazama ukuta:

"Dada, hapa umeandika nyumba haina mtu. Umekagua mwenyewe, umesaini. Sasa kama haikuwa na mtu, huyu umemtoa wapi?"

"Alikuwemo."

"Imeandikwa hakuwemo." Alikuwa anaogopa kweli, nilimwona jasho juu ya mdomo. "Kwa hiyo huyu ni nini?"

Nataka kuwa na haki kwake. Hakuwa mtu mbaya, na aliyeyaandika maneno yale ni mimi. Chumba cha nne kati ya vile sita kilikuwa wazi, lakini bibi hakuwa na barua ya mwenyekiti, na asingeipata kamwe. Njia ilikuwa moja, halmashauri yenyewe ikiri kwamba imemkuta hana makazi, ndani ya nyumba ya halmashauri hiyo hiyo. Kukiri huko kulihitaji taarifa, na taarifa ilikuwa yangu, nayo ilisema haina mtu.

"Mpe nauli arudi kwao," bosi alisema. "Ukibadilisha hapa unajua utakuwa umeandika nini? Utakuwa umeandika kwamba ulimpigilia misumari mtu ndani ya nyumba ya serikali. Utakosa kazi, dada. Fikiria watoto wako."

Nilifikiria watoto wangu. Nilifikiria pia kwamba kwao alikotajiwa nauli palikuwa na mwenyekiti na mlango uliong'olewa, na kwamba safari ijayo wasingeishia mlangoni. Bosi alikuwa amesimama, kalamu ilikuwa inaning'inia kwenye uzi wake, na bibi alikuwa ananitazama kutoka kwenye benchi. Nikamtazama machoni. Ilikuwa mara ya kwanza. Ndani ya ule wekundu palikuwa na duara la kahawia lililofifia pembeni, na kope zilizobaki chache, na usingizi mwingi wa mtu aliyesimama usiku kucha. Yalikuwa macho ya bibi yangu, ambaye alibahatika kufa kitandani kwake.

Nikaandika. Chini ya taarifa ya jana niliongeza: Niliita hodi mara mbili tu. Mtu alikuwemo. Nilimfungia. Kisha nikafungua mstari mpya, nikamuuliza bibi jina lake, ambalo sikuwa nimeliuliza siku ile ya kwanza, nikaliandika na kulipatia namba. Mahali pa barua niliandika: Hana, nimemwona kwa macho yangu. Mahali pa anayelalamikiwa niliandika jina langu. Safu ya mwisho niliiacha tupu, ijazwe na mwingine.

Alipewa chumba cha nne jioni ile ile. Mimi nilihojiwa mara mbili, nikaponea chupuchupu, nikapelekwa kata ya mbali kutunza stoo ya majembe na mabomba ya dawa ya pamba. Sikulalamika. Ningelalamika kwa nani, na meza ile haikuwa na mtu?

Huu mwaka wa tatu sasa. Kila mwisho wa mwezi nikija nyumbani Somanda napitia kule na mfuko wa michembe. Bado anafagia, lakini anafagia akienda mbele, na uwanja wake umejaa nyayo: zake ndogo zenye visigino vizito, za wajane wa vyumba vingine, za watoto, hata za mke wa mwalimu, ambaye humletea mtoto wake ashikwe. Wote hao huingia kwa hodi moja, na watoto huingia bila hodi kabisa.

Mimi hufika nikasimama kwenye kizingiti na mfuko wangu. Naita ya kwanza, namsikia ndani akiweka mfuniko juu ya sufuria, taratibu. Naita ya pili, kimya. Najua yumo, naye anajua ni mimi, na kila mwezi mchana ule wa nyundo unanirudia pale pale. Naita ya tatu.

"Karibu, mayu," anasema, na ananikaribisha vizuri, tunakula, tunacheka. Lakini hajawahi kuniitikia kabla ya tatu.